Heshima Marufuku kwa Kinyozi

Klabu yenyewe haikuanzishwa na mtu. Wanaume waliingia kwa Kinyozi kungoja zamu, wakanogewa na porojo, nywele zikakatwa, na nyumbani wasiende. Miaka ikapita, vipara vikawatoka, na kila Jumamosi bado wamo. Sheria ilikuwa moja tu: heshima iachwe mlangoni. Ukiitwa "mzee wangu" na kupewa kiti kizuri, ujue wewe ni mgeni. Mwanachama alitaniwa mpaka basi. Wake zao walionya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Wapi! Nani awasikilize?

Seremala ndiye aliyetaniwa kuliko wote. Benchi walilokalia alilichonga mwenyewe, likayumba tangu siku ya kwanza, na hawakuchoka kumcheka kwa hilo.

Basi mkewe akafariki. Msiba ulipokwisha, akarudi kwa wenzake akiwa na moyo mzito, anautamani upuuzi wao. Loo! Fundi Viatu akainuka kumpisha. Kinyozi akapangusa kiti cha wateja. "Karibu, mzee wangu. Keti hapa, pole sana."

Seremala akaketi. Wakazungumzia mvua. Masikini, wema wao ulikuwa wa kweli. Walikwisha kukubaliana kwamba mfiwa hataniwi. Lakini yeye aliona jambo moja tu: nyumbani hana mtu, na hapa sasa ni mgeni. Aliumia sana.

Jumamosi iliyofuata, heshima tena. Walipomletea na mto wa kuegemea, uvumilivu ukamwishia.

"Jamani!" alifoka. "Mke kanitoka, nimenyamaza. Na nyinyi mnanitoka? Nimewakosea nini hata mniite mzee?"

Mkasi wa Kinyozi ukasimama juu ya kichwa cha mteja. Fundi Viatu akatazama chini. Kinyozi akamgeukia.

"Marehemu," alisema taratibu, "alikuwa na subira ya ajabu. Miaka yote ile kuamka na kuukuta uso huo kitandani! Sisi wenyewe unatushinda, na tunauona Jumamosi tu."

Fundi Viatu akajishika kichwa. Limepita kiasi hili! Seremala alimkodolea macho Kinyozi, kisha akaangua kicheko, kicheko kikageuka kilio, wala hakukizuia.

"Hata yeye alikuwa akiniambia hivyo," alisema, akifuta machozi kwa kiganja. "Kila asubuhi."