Zulia Juu ya Vishimo Vinne

...na mto haukubali kuingia kwenye foronya, au ni yeye asiyeutaka uingie, ameubana kwa kidevu kama anavyoibana mito ya nyumba za watu kila siku, mikono miwili imeshika mdomo wa foronya, ukitikisa mara mbili mto huzama wenyewe, kazi ya kufumba na kufumbua, lakini leo mikono imesimama kwa sababu masikio yote yako sebuleni, kandambili za mama zinaburuta, zinatulia, zinaburuta tena, na mkongojo unagonga sakafu katikati yake, dalali kasema wanunuzi watafika saa kumi kamili, mume na mke na mtoto wa kwanza yuko njiani, na sasa ni saa kumi kasoro dakika saba, na yeye, mtu mzima na akili zake, amejificha chumbani nyuma ya mto... kwa nini alimleta, si aliapa hatamleta, lakini asubuhi mama alimaliza chai, akajifunga kilemba, akasema leo twende wote nikaone ulivyoipamba, na nani angemkatalia, nyumba ni yake, au ilikuwa yake, au... hapo ndipo anapokwama. Miaka kumi na moja anafanya kazi hii, kuzipamba nyumba tupu ili zipate wanunuzi, anaingia na lori la makochi ya kukodisha, anatundika mapazia karibu na dari ili chumba kionekane kirefu, anageuza kioo kitazame dirisha, hata kitanda hiki mbele yake si kitanda, ni maboksi manane na ubao na godoro jembamba, shuka limeufunika uongo wote mpaka chini, Mungu atusitiri asije mtu akajitupa juu yake, na wenye nyumba huwaambia jambo moja tu, nyumba isiwe na mwenyewe, kila anayeingia ajione mwenyewe ni yeye, basi picha za familia ziondoke, kalenda iondoke, harufu ya mapishi iondoke, wakilia anawapapasa bega, anawaambia hizi ni kuta tu, kumbe mganga hajigangi, wiki nzima amekuwa akisugua alama za viganja vya mama ukutani na kujiona mwizi. Kaka mkubwa alipiga simu miezi minane iliyopita, baada ya mama kuteleza bafuni, akasema mama hawezi tena kukaa peke yake, nyumba iuzwe, akae kwako wewe mwenye nafasi, na mama alipoulizwa alijibu fanyeni mnavyoona, basi, maneno mawili, hakulia, hakugomba, akakunja nguo zake akazipanga sandukuni, na wanasema kimya kingi kina mshindo, tangu siku ile anaungoja huo mshindo, kila asubuhi anaungoja... cherehani ya mama sasa iko kule kwake wanakoishi wote wawili, kwenye kona ya sebule, imefunikwa shuka kama maiti, haijaguswa hata mara moja, na mama kila akizungumza husema kwako, kwako kuna upepo, kwako majirani ni wapole, kwako, kwako, kama mgeni anayehesabu siku za kuondoka. Simu iko mfukoni mwa aproni. Ameshaapa, na safari hii kiapo atakishika, mama akitoa chozi moja, moja tu, atampigia dalali, warudi walikotoka, nyumba haiuzwi, na kaka anune mpaka achoke kununa... kandambili zimetulia, mbona zimetulia, ni pale, pale pale dirishani, miaka thelathini mama ameshona pale, sare za shule, magauni ya harusi, mapazia ya mtaa mzima, miguu minne ya cherehani ikaila saruji hadi ikachimba vishimo vinne, yeye alijifunzia kuhesabu humo, akivipanga vifungo viwili viwili, kimoja akakimeza, ndiyo maana hadi leo anaitwa Kifungo na mtu mmoja tu duniani, na jana alivifunika vishimo kwa zulia dogo la buluu, fundi alikuja na saruji yake tayari kuviziba, yeye akamrudisha, akamwambia hakuna muda, uongo mtupu, muda ulikuwepo, moyo ndio haukuwepo... na sasa mkongojo haugongi, unakwaruza, analifunua, mama analifunua zulia kwa ncha ya mkongojo, kimya, bado kimya, haya, ndio huo mshindo, mkono mmoja unaiachia foronya, unaingia mfukoni, simu ni ya baridi...

“Kifungo.”

“Mama.”

“Hili zulia dogo, linateleza. Mtu akilisogeza kidogo tu anayaona mashimo.”

...hajaelewa, anasikia kiti kinaburutwa, kile kiti cha kukodisha chenye mgongo mrefu, mama anakivuta kwa mkono mmoja na kuguna, kinakaa juu ya zulia, tap, na mama anaongea peke yake kama alivyokuwa akiongea na cherehani, afadhali na pazia limewekwa hapa, mtaa mzima kawashonea yeye mapazia, dirisha lake mwenyewe baba yenu aliahidi bomba la kutundikia mpaka anaingia kaburini, jua likimpiga usoni kila mchana, macho yameishia hapa hapa, na ile cherehani nayo apewe mtu mwenye mgongo mzima, inajaza sebule bure... jua, yeye aliliona dirisha hili kama kitu kitakatifu, alichagua pazia jepesi makusudi ili ule mwanga wa mama usipotee, kumbe mwanga wenyewe mama aliuchukia miaka thelathini, na anataka kucheka lakini kidevu kina mto...

“Hao watu wakichelewa tumwachie dalali,” mama anasema. “Nimeanika nguo nyumbani, na mawingu yale siyapendi.”

...nguo, nguo gani, hapa hakuna kamba, hakuna hata kibanio, kamba iko ghorofa ya tatu, barazani kwake, mama aliifunga mwenyewe kwa fundo lake la kifundi, amesema nyumbani, hakusema kwako, amelitaja neno hilo kwa kupita tu, kama mtu anavyotaja mahali anapolala, na labda alianza kulitaja zamani, mwezi uliopita, au wa kabla yake, na yeye masikio aliyatega kusubiri mshindo tu, ameisafisha nyumba hii wiki nzima kwa ajili ya macho ya wageni na aliyebaki humu kimoyo, wa mwisho kuhama, alikuwa yeye mwenyewe, na pumzi inamtoka, ndefu, ya miezi minane, mkono unarudi kutoka mfukoni bila simu, na lile chozi moja la kiapo kumbe limekuja kweli, ila si la mama... saa kumi kasoro dakika nne, kandambili zinaelekea jikoni kukagua na huko, mto bado uko kidevuni, foronya imelowa kidogo upande mmoja, ataugeuza upande huo utazame chini, wanunuzi hawatajua.