Ukuta wa Chumba cha Anatolia

Anatolia alianza kumtilia shaka mkwe wake siku alipomkuta anapima kigoda.

Kilikuwa kigoda chake mwenyewe, anachokalia uani akimenya ndizi. Aliingia ndani mara moja kufuata kisu, na aliporudi alimkuta Kokushubira, mke wa mwanawe Novatus, ameinama na futi mkononi, akipima kutoka chini hadi juu.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Naangalia tu." Koku akaviringisha futi, akaenda jikoni.

Walikuwa wakiishi pamoja hapo Bugene kwa mwaka wa saba, tangu mume wa Anatolia, mzee Kashaija, afariki na Novatus akamtoa mama yake kijijini Ihembe. Hawakuwahi kugombana. Koku alimsalimu kwa magoti na kumwekea maji ya moto kila jioni. Lakini sasa mazungumzo yalikatika kila Anatolia alipotokea. Fundi Twinomujuni alikuja mara mbili. Mara ya kwanza yeye na Koku walipima bafu lililo mwisho wa korido, linalopakana na chumba cha Anatolia. Mara ya pili waliingia chumbani kwake akiwa kanisani. Aliporudi alikuta kitanda kimesogezwa na ukuta umechorwa chaki.

Jumatatu aliwasikia kupitia dirisha.

"Tuvunje hapa, mlango uwe mpana," fundi alisema.

"Sawa. Ila Mama asijue kwanza."

Anatolia akaunganisha mambo. Majirani walikuwa wanapangisha vyumba kwa walimu na wauguzi, na wapangaji wa siku hizi wanataka chumba chenye bafu humo humo. Chumba kikubwa kilikuwa chake. Yeye angehamishiwa stoo, alale na magunia ya kahawa. Akampigia simu Novatus, aliyekuwa Kimuli kununua kahawa.

"Najua Koku anatengeneza bafu," Novatus alisema. "Habari za kuvunja ukuta sijaambiwa."

Hapo Anatolia akaogopa kweli. Kumbe hata mume hajui.

Alhamisi Koku alikwenda sokoni Kayanga, na Twinomujuni akaja kushusha mchanga. Anatolia alimkaribisha chai. Fundi alipofika nusu ya kikombe, Anatolia akamwambia, "Nionyeshe mchoro."

Fundi alisita, lakini angemkatalia vipi bibi aliyemnywesha chai? Akafungua daftari.

"Hapa hakuna kizingiti, bibi. Mtu anatoka chumbani anaingia moja kwa moja. Sakafu imeinama kidogo ili maji yakimbilie kwenye tundu, na marumaru ni zile za kukwaruza, hazitelezi. Hili ni bomba la ukutani la kujishikilia. Shawa yenyewe ina mpira, unaishika mkononi ukiwa umekaa."

"Umekaa wapi?"

"Kwenye kiti hiki cha zege, kimo chake sawa na kigoda chako."

"Mwalimu gani anaoga amekaa?"

"Mwalimu yupi, bibi?"

Koku akatokea na kapu kichwani. Aliona daftari mapajani mwa mama mkwe wake, akatua kapu polepole. Fundi akachukua kikombe chake na kurudi kwenye mchanga.

"Unanihamisha," Anatolia alisema. "Sema tu."

"Hapana, Mama."

"Basi unanificha nini?"

Koku akapiga magoti, macho chini. "Mwezi wa pili nilikuona."

Mwezi wa pili Anatolia alijikwaa kwenye kizingiti cha bafu, akaanguka chali. Alilala pale uchi, sabuni machoni, asijue ni kwa muda gani, mpaka akajikokota na kuinuka mwenyewe. Mkono ulipovimba, alisema amejigonga mlangoni.

"Nilisikia kishindo," Koku aliendelea. "Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikakuona ulivyo, nikashindwa kuingia. Wewe ni mama mkwe wangu, ningekutazamaje? Nikasimama nje nikiomba uinuke. Ningekwambia habari za bafu ungeuliza sababu, na hilo ndilo sikuweza kulisema. Hata Novatus sijamwambia."

Anatolia aliona aibu, kisha hasira. Huyu alikuwa hatua mbili tu, na yeye anahangaika chini. Akajiuliza kama yeye mwenyewe, kwa mama mkwe wake kule Ihembe, angeingia.

"Hilo bafu litakuwa na komeo?" aliuliza mwishowe.

"Fundi anasema lisiwe nalo. Ukianguka tutaingiaje?"

"Nataka komeo." Akamwita Twinomujuni. "Hakuna komeo linalofunguka kwa nje pia?"

"Lipo, bibi. Unazungusha kwa sarafu."

"Weka hilo." Akamgeukia Koku. "Nikianguka tena, utaingia. Nifunike kitenge ukitaka, lakini utaingia."

"Ndiyo, Mama."

Hakumsemesha tena siku ile, wala kesho yake. Jumamosi asubuhi alimwita waende pamoja dukani kuchagua marumaru, na njia nzima wakabishana juu ya rangi.