Mkono Uliofungua Mafundo

Fundi alifika shambani saa mbili asubuhi akakuta marobota arobaini yamefumuka. Majani makavu yalikuwa yametapakaa nyuma ya mashine ya kufungia marobota, na kamba zimelala juu yake, nzima, hazikukatika hata moja.

Mwenye shamba hakusalimia. Wafanyakazi walimwita Mvua Inakuja, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyowakimbizia watu kutwa nzima, hata kiangazi.

"Kamba wameniuzia mbovu," alisema.

"Kamba haina neno, bosi."

Fundi aliifuata kamba tangu kwenye sanduku lake, tundu baada ya tundu. Sindano hazikupinda. Springi ilibana sawasawa. Kisu cha kukatia kamba kingeweza kunyoa ndevu. Akachutama, akazungusha gurudumu taratibu kwa mkono wake. Fundo likafungwa vizuri. Kisha vidole vitano vikatokea nyuma ya kisu, vikalifungua, vikarudi ndani.

"Ni mkono," fundi alisema, akachukua spana.

Alifungua boliti nne akautoa. Ulikuwa mkono wa kulia wa mwanamume, umekatika chini kidogo ya kiwiko, una joto, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi. Ulimpa fundi mkono kwa adabu. Fundi akaupokea, akasema hajambo.

Mjane wa kibarua mmoja wa shamba alikuwa akikusanya majani upande wa pili wa uwanja. Aliitwa, akaja anajipangusa vumbi, akautazama ukucha ule.

"Huu wa mume wangu," alisema. Akamgeukia dereva wa trekta, kaka mkubwa wa marehemu. "Shemeji, si mliniambia alilewa akaangukia mtaroni? Si mlinizuia nisifungue jeneza?"

Dereva alikuwa akitazama viatu vyake.

"Hakulewa," alisema. "Majani yalikwama, akaingiza mkono kuyatoa. Nilitaka kuzima. Bosi akanipungia niendelee. Mashine ikamvuta mpaka kiwiko, shemeji. Alipiga kelele mpaka robota likakamilika."

"Mvua ilikuwa inakuja," alisema mwenye shamba.

Mkono ukaruka ukamkaba koo. Macho yalimtoka, ulimi ukawa wa zambarau, akapiga magoti kwenye majani akitupa mateke. Fundi na dereva waliubandua kwa koleo, na ili uachie ilibidi kuvunja vidole viwili. Vililia kama vijiti vikavu. Kabla mwenye shamba hajavuta pumzi ya pili, mjane aliokota spana akampiga nayo mdomoni. Meno matatu yakaanguka. Mwenye shamba aliyatafuta kwenye majani, akapata mawili, akayatia mfukoni.

"Rudisha ndani," alimwambia fundi, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Nataka nikauzike," mjane alisema.

"Kilichomo kwenye mashine ni cha shamba. Na nyumba unayolala wewe na wanao ni ya shamba. Amua."

Mjane alivinyoosha vile vidole vilivyovunjika, akavifunga kwa kipande cha mtandio wake, akamkabidhi fundi. Fundi aliufunga mkono kwa waya mahali pake, kifundo chake kikiwa kimebanwa kwenye chuma. Hakupenda, lakini alikaza boliti zote nne. Mjane aliinama akauambia jambo ambalo wengine hawakulisikia, na tangu saa ile mkono ukaacha kufungua. Ukawa unafunga. Wiki nzima hakuna robota lililofumuka.

Alhamisi majani yalikwama tena. Dereva alizima injini akashuka. Mwenye shamba, shingo bado ina alama za vidole, alipanda trekta mwenyewe akaiwasha.

"Toa hivyo hivyo!"

"Bosi, nakuomba."

"Unaona wingu lile?"

Dereva aliingiza mkono. Mkono wa mdogo wake ukamsukuma nje. Akaingiza tena, ukamsukuma tena, ukamkwaruza hadi damu. Mara ya tatu mwenye shamba alikanyaga mafuta. Mashine ilimvuta dereva mpaka kiwiko, ikakata, ikaendelea. Mjane alimkuta ameketi chini, damu inaruka hatua mbili mbele yake, akamfunga juu ya kiwiko kwa kamba ya marobota, akaikaza kwa kijiti mpaka damu ikatulia.

"Amenisukuma, shemeji," dereva alisema. "Mara mbili kanisukuma."

"Najua. Usiongee."

Robota lililotoka lilikuwa limekazwa vizuri kuliko yote. Walilipakia kwenye lori pamoja na mengine, upande wenye doa wakaugeuzia ndani.

Kesho yake tangazo la kutafuta dereva lilibandikwa getini. Kufika saa sita mchana wanaume watatu walikuwa wamepanga foleni juani, mikono wameitia mifukoni.