Bega la Maalimu Mahmoud

Bega la mbuzi lilining'inia kwenye ndoano, ndoo ikaning'inia chini ya bega, na Daktari Saverio Okeny akaendelea kumimina mchanga, kikombe baada ya kikombe. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya mochwari. Hospitali ilikuwa haina sabuni, haina plasta, na madaktari Wahindi waliojua mambo ya mabega walikwisha kufukuzwa Uganda pamoja na jamaa zao. Okeny alibaki na uzi, mabega ya mbuzi kutoka soko la Nakasero, na swali moja: kano la bega likichanika, lishonwe vipi lisichanike tena?

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kushona kano kwenye kipande chake kilichobaki. Hiyo aliijaribu asubuhi nzima. Uzi ulikata kano kama waya unavyokata sabuni, na ndoo ikaanguka haijafika nusu. Ya pili ilikuwa kutoboa mashimo kwenye mfupa na kufunga kano humo. Sasa ndoo ilikuwa imejaa, akaongeza jiwe juu ya mchanga, na bega halikuachia. Okeny alicheka peke yake. Miaka ile furaha ilikuwa adimu kuliko sukari.

"Wewe daktari, iko nafanya nini na mbuzi ya watu?"

Kapteni Faruk alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake askari wawili walimshikilia Mahmoud, mwalimu wa madrasa kutoka Kasubi, mkono wake wa kulia ukilegea pembeni. Hapo Okeny alifanya kosa la mtu anayependa kazi yake: alieleza. Alieleza njia zote mbili, akagonga ndoo kwa kidole, akasema hii haiachii hata ukiongeza jiwe la pili.

"Kumbe," alisema Faruk. "Basi huyu shona na hiyo ya mashimo. Sisi nafunga yeye mikono nyuma, bega nakatika, yeye nazimia. Mutu ya kuzimia hasemi kitu. Wewe tengeneza. Ikipona, sisi narudi kumaliza kazi."

Alisema bila hasira, kama mtu anayemwachia fundi kiatu chake. Okeny alikuwa Mwacholi. Mdogo wake alikuwa askari. Mwaka ule wa mapinduzi, askari Waacholi walipochinjwa na wenzao, aliingia kambini na hazikutoka hata nguo zake.

"Ndiyo, afande," alijibu, na akajichukia.

Wodini Mahmoud alilazwa peke yake, mlinzi mlangoni. Kosa lake lilikuwa wajomba. Walikaa Tanga, Tanga iko Tanzania, na Tanzania ndiko walikokimbilia maadui wa serikali.

"Daktari," alinong'ona, "nilikuwa pale mlangoni, nimekusikia. Nishone kwa ile inayoachia."

"Maalimu, mkono hautanyanyuka tena. Hutaandika ubaoni. Hutambeba mwanao."

"Sitambeba, lakini ataniona. Hawa wanataka majina ya watu wanaovuka mpaka, na mimi sina hata moja. Safari ile waliponifunga nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtaja jirani yangu, mtu wa watu, ili waniache tu. Mungu akanizimisha kabla sijamtaja. Nikipona, sitazimia tena."

Okeny aliuweka ule mkono vizuri juu ya shuka. Akamwahidi.

Lakini siku ya upasuaji Faruk aliingia chumbani, aproni ya hospitali imefungwa juu ya bastola. Alisimama karibu kabisa na meza. Daktari alipochukua uzi, kapteni aliinama akachungulia kwenye kidonda.

"Mashimo iko wapi?"

Basi Okeny akatoboa mashimo. Akashona vizuri, vizuri sana, na roho ikimuuma kwa kila fundo.

Kidonda kilipofunga, daktari na mgonjwa wake walikubaliana: watasema uzi umeachia, na Mahmoud atauacha mkono ulegee mbele ya kila mtu. Mbele ya kila mtu isipokuwa daktari. Kila asubuhi Okeny alivuta pazia akamnyoosha mkono, kwa sababu bega lisipochezeshwa hukakamaa. Angeliacha likakamae, na huenda mtu mwenyewe angeokoka. Hakuweza. Fundi gani atakaa aangalie kazi yake njema ikiharibika?

Faruk alirudi Ijumaa moja, alasiri. Aliunyanyua mkono wa Mahmoud akauachia. Ukaanguka kama nguo mbichi. Akaunyanyua tena. Ukaanguka.

"Uzi umeachia, afande," alisema Okeny. "Mfupa wa mtu si wa mbuzi."

"Mbuzi yako naongopa." Faruk alicheka. "Basi. Mutu kama hii iko na faida gani? Kesho arudi kwa bibi yake."

Mahmoud alifunika uso kwa mkono wa kushoto akalia waziwazi. Okeny akageukia ukuta, maana na yeye machozi yalikuwa karibu. Adhana ikasikika kutoka msikiti wa jirani. Faruk alivua buti, akamwita mlinzi, akatandika shuka sakafuni.

"Maalimu, njoo. Wewe salisha sisi."

Mwalimu akasimama mbele, kapteni na mlinzi nyuma yake. Mashavu yake yalikuwa bado mabichi. Kesho angekuwa Kasubi. Akavuta pumzi.

"Allahu akbar," alisema, na mikono yake yote miwili ikapanda pamoja, sawasawa, mpaka masikioni.

Okeny akamgeukia Faruk haraka. Faruk alikuwa ametazama chini, mahali pa kusujudia, kama inavyotakiwa. Wakarukuu. Wakasujudu, na mkono wa kulia ukaubeba mwili wa Mahmoud vizuri kabisa, ukaushusha, ukauinua.

Kufikia rakaa ya tatu sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. Alikuwa amejua mikono yake imefanya nini. Sijda ya mwisho aliirefusha. Aliirefusha mno, paji la uso kwenye shuka la hospitali, mpaka mlinzi akakohoa, na bado hakuinuka. Okeny, ambaye hakuwa Mwislamu, alijikuta akiomba isiishe.

Iliisha. Mahmoud akatoa salamu kulia, akatoa kushoto. Faruk alisogea mbele kwa magoti, akampa mkono kama watu wanavyopeana baada ya sala.

"Mungu apokee, maalimu," alisema kwa upole. Kisha, bila kugeuka: "Daktari, kazi yako muzuri."

Na ule mkono hakuuachia.