Rangi ya Kijani Chini ya Boneti

Floribert aligeuza ufunguo mara ya tatu. Taa nyekundu ya dashibodi ikawaka kwa unyonge kama kaa linalokufa, kisha ikazimika. Injini haikutoa hata kikohozi.

Katika kiti cha nyuma cha Peugeot alikwisha kukaa mama mkwe wake, kitambaa kipya kichwani, uso ameugeuzia upande wa ukuta kama heshima inavyotaka mkwe akiwa karibu. Alitoka ziwani Tshangalele kwa jambo moja tu: saa nne asubuhi, kule Mulungwishi, kitinda mimba wake Martine angeitwa mbele ya watu apokee cheti, wa kwanza katika ukoo wao. Sasa ilikuwa saa mbili.

"Ingénieur!" aliita Adolphe, shemeji yake, akiwa ameegemea ua. "Jana nilikuambia tupande camion ya Augustin. Weye ulikatala!"

"Mama mukwe yangu hapandi juu ya mifuko ya makala," alijibu Floribert, kwani lori la Augustin lilikuwa la kubeba makaa.

"Basi leo atapanda juu ya diploma yako ya masomo ya mangaribi."

Majirani wa mtaa wa Shituru wakacheka. Floribert hakucheka. Kwa miaka miwili, akitoka kiwandani jioni na vumbi la shaba shingoni, alikwenda moja kwa moja darasani kwa mwalimu Constantin kujifunza umeme, na kila alichofundishwa alikiandika katika daftari kwa mwandiko wa kupendeza.

Alifungua boneti. Alichukua taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili aliyoiunda mwenyewe, akagusa ncha mbili za betri. Balbu ikang'aa.

"Betri iko nzima," alitangaza.

"Nzima kama maiti!" alisema Adolphe.

Akapima fyuzi: nzima. Akachungulia nyaya za ufunguo: hakuna uliokatika. Nusu saa ikapita. Jasho likamtoka, naye alikuwa ameshika spana afungue stata inayoamsha injini, kazi ya asubuhi nzima, mama mkwe alipozungumza. Hakumsemesha yeye, ingawa alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, kwani haikufaa kumsemesha mkwe moja kwa moja. Alimsemesha binti yake, mke wa Floribert, aliyesimama kando ya gari.

"Colette, uliza bwana yako: jana gari ilinibeba muzuri tu kutoka gare ya treni. Tangu pale, ni nani alishika kitu ndani yake? Na umuambie, ile harufu ya rangi ilininyima usingizi."

"Floribert, mama anauliza..."

"Nimesikia," alisema polepole.

Spana ilishuka yenyewe. Mstari wa kwanza wa daftari lake ulisema: *Kabla ya kupima chochote, uliza nani amegusa nini.* Leo aliuruka, kwa sababu jibu lilikuwa yeye. Jana alasiri alifungua nyaya, akapaka rangi ya kijani kila mahali chini ya boneti, ili watu wa Mulungwishi waone injini ya mtu mwenye akili.

Aliweka ncha moja ya taa kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye bawaba ya boneti ambayo rangi haikuifikia. Balbu ikawaka kwa kufifia tu. Hapo akajua. Ule waya unaounganisha betri na bodi ya gari, alioufunga tena kwa fahari, ulikalia rangi badala ya chuma, na rangi haipitishi umeme.

Alichomoa kisu. Alifungua waya akaikwangua rangi yake nzuri, mbele ya wote, mpaka chuma kikang'aa.

"Ni miye nilikosa," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Na ni miye nilipata."

Akageuza ufunguo. Injini ikanguruma. Adolphe akaacha ua, akaingia garini.

Walifika jina la Martine likisomwa. Mama yake alipiga vigelegele kabla hata hajakanyaga chini vizuri.

Baadaye wanaume walikusanyika waone Peugeot. Floribert aliinua boneti, na cha kwanza alichowaonyesha hakikuwa ile rangi ya kijani inayometameta, bali kovu la chuma kitupu kando ya betri. Aliwaeleza yote, tangu rangi mpaka kisu, kifua mbele. Mama mkwe alipita nyuma yao, uso pembeni.

"Colette," alisema, "ambia bwana yako pale asipake tena."