Mara ya Kwanza Kuvuka Mstari

Nadine Stotts alikuwa amesimamia mashindano ya bastola kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo alikuwa amewatoa mchezoni watu kumi na watatu. Mmoja wao alikuwa mchungaji wake mwenyewe. Mchungaji aliangusha bastola yenye risasi, akaambiwa siku yake imekwisha, na kesho yake kanisani akahubiri habari za msamaha huku amemkazia macho Nadine dakika arobaini nzima. Nadine alikaa safu ya mbele, akala peremende yake. Hakuwa na la kujutia. Mtu akichezea mtutu, awe mchungaji awe shetani, anaenda kukaa.

Mtu wa kumi na nne ndiye aliyemshinda, kwa sababu mtu wa kumi na nne alikuwa mumewe.

Verlin Stotts alikuwa na miaka sabini na mmoja. Ndiye aliyesukuma matuta ya udongo ya uwanja ule kwa trekta lake mwenyewe, kwenye bonde nyuma ya mashamba ya soya, wakati upande ule wa Missouri watu walikuwa bado hawajui mchezo huu ni wa namna gani. Ndiye aliyemfundisha Nadine kushika kipima muda, kuita amri kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na kuamua tundu lililogusa mstari wa pointi ni la nani. Zamani hizo alimtoa hata ndugu yake wa damu, Orval, mbele ya watu sitini, na Orval akamnunia miaka minne. Verlin hakuwahi kuomba radhi. "Afadhali aninunie akiwa mzima," alisema.

Sasa Verlin alikuwa akisahau. Yalianza majina, ikafuata njia ya kwenda dukani, halafu jiko. Mara nne Nadine alikuta moto wa gesi unawaka na hakuna hata sufuria juu yake. Ikawa kila wanapotoka nyumbani lazima amuulize, "Verlin, umezima jiko?" Verlin anaapa amezima, na Nadine anarudi kuhakikisha. Ufunguo wa kabati la bastola aliuvaa shingoni, kwenye mkufu mmoja na msalaba wake, na bastola haikutoka mle ila siku ya mashindano.

Mwezi wa Januari, siku waliyotoka kwa daktari, Verlin aliketi jikoni, akili zake zote zikiwa zimetulia, akamshika mkewe mkono.

"Sikiliza, bibie. Uwanjani siondoki mpaka niondolewe. Ila siku nitakayovuka mstari mara ya kwanza, unitoe. Ya kwanza, nasema, si ya pili. Unitoe kama mtu usiyemjua."

"Acha maneno hayo, Verlin."

"Niahidi."

"Haya, nakuahidi."

"Sema mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza," Nadine alisema, na wakati ule alimaanisha.

Mstari wenyewe haukuchorwa popote. Mpigaji anatazama tuta lenye shabaha, wenzake wako nyuma yake, na mstari unapita mabegani mwake, kulia hadi kushoto. Akimbie, apige magoti, ajipinde atakavyo, mtutu ubaki mbele ya mstari huo. Ukirudi nyuma kwa upana wa kidole tu, basi. Hakuna onyo wala kubembelezana, kwa sababu kule nyuma kuna watu.

Jumamosi ile ya Oktoba kundi lao lilikuwa la watu tisa. Nadine alishika kipima muda. Coy Bledsoe, fundi wa mabomba mwenye kitambi na moyo mzuri, alishika tableti ya kuandikia alama. Mkewe Coy, Jolene, aliketi na wenzake juu ya ndoo zilizofudikizwa, akijaza risasi kwenye magazini na kutafuna mbegu za alizeti.

"Mzee, hayo magoti umeyatia oili leo?" Coy alimtania Verlin.

"Magoti yangu yamechoka, lakini bado yatakuacha wewe na hilo tumbo."

"Tumbo hili ni la kujikinga na upepo, mzee!"

"Basi leo simama upande wa upepo, mtoto, utufae."

Watu wakacheka, na Verlin akacheka kuliko wote. Hapo ndipo palipomponza Nadine. Nyumbani mumewe alikuwa mgeni anayezunguka akitafuta mlango. Uwanjani alikuwa Verlin. Mikono yake ilikumbuka kila kitu, ulimi wake ulikumbuka matani, na kwa saa nne kila mwezi Nadine alikuwa na mume. Nani angeyatupa hayo kwa hiari yake?

Kituo cha kwanza kati ya vitano kilipita salama. Kwenye kituo cha pili Verlin alisimama kwenye alama, akajaza bastola, akairudisha kiunoni kwenye ala yake.

"Uko tayari?" Nadine aliita. Verlin akaitikia kwa kichwa. "Kaa chonjo."

Kipima muda kikalia. Verlin akachomoa, akapiga shabaha tatu za kulia, mbilimbili, safi kabisa, kisha akageuka kukimbilia kizuizi cha kushoto huku akibadilisha magazini. Mtu wa mkono wa kulia anayekimbilia kushoto akibadilisha magazini, hapo ndipo penye hatari, na kila msimamizi anajua hapo ndipo pa kukodoa macho. Nadine alikodoa. Akauona mtutu unalala, unarudi nyuma, unavuka bega, unapita kwenye zile ndoo na watu waliokaa juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kidole kilikuwa nje ya kifyatulio, hilo alishukuru baadaye. Ilichukua muda wa kupepesa jicho, kisha mtutu ukarudi mbele, na Verlin akaendelea kupiga.

Neno "Simama" lilikuwa mdomoni mwa Nadine. Alilimeza.

Alipogeuka alikutana na macho ya Coy. Mwandishi wa alama naye ana haki ya kupaza sauti, lakini aliyevuka alikuwa mzee Verlin, na aliyeshika kipima muda alikuwa mkewe, kwa hiyo Coy alimsubiri. Nadine akamalizia amri zilizobaki kwa sauti ileile ya kila siku, akatangaza uwanja salama, akaanza kusoma shabaha, Alfa ya katikati, Charli ya pembeni.

"Alfa mbili. Alfa, Charli. Alfa mbili."

"Bi Nadine," Coy alinong'ona. "Pale kushoto, wakati anabadilisha..."

"Jua lilinipiga machoni."

"Jua liko mgongoni mwetu, Bi Nadine."

"Andika alama, Coy."

"Jolene alikuwa amekaa pale."

Nadine alimwona Jolene, anacheka na kutema maganda. Moyo ulimuuma kweli, sitaki kumsingizia kwamba haukumuuma. Lakini alijiambia karibu nusu ya siku imepita, vimebaki vituo vitatu tu, na jioni atakaa na Verlin wazungumze kistaarabu. Alijiambia mengi kwa muda mfupi.

"Andika," alisema.

Coy akaandika. Verlin akaja, akavaa miwani, akasoma alama zake na kugusa kioo kwa kidole kukubali. "Sekunde kumi na tano na nusu!" akapaza sauti. "Vijana mko wapi?" Watu wakampigia makofi. Coy hakupiga.

Kwenye kituo cha tatu ilibidi kupenya mlango wa mbao, kupiga shabaha mbili, kisha kwenda dirishani kupiga nne. Nadine alimfuata kwa karibu kuliko sheria inavyodai, karibu sana hata akasikia harufu ya sabuni yake ya kunyolea. Kipima muda kikalia. Verlin alipenya mlango, akapiga ya kwanza mbili, akapiga ya pili mbili. Akafika dirishani, akainua bastola, akasimama.

Hakupiga. Upepo ulitikisa karatasi za shabaha, na huko nyuma mtu akasema, "Bastola imekwama?" Nadine aliona shingo ya mumewe inalegea, na akajua kabla ya yeyote kwamba Verlin hayupo pale tena.

Verlin akageuka. Aligeuka mwili mzima, polepole, kama mtu aliyeitwa na jirani, na bastola ikageuka pamoja naye. Mtutu ukasimama kwenye tumbo la Nadine, na safari hii kidole kilikuwa kwenye kifyatulio.

"Nadine," alisema kwa upole, uso umejaa wasiwasi, "umezima jiko?"

Alitaka kusema "Simama", lakini nani angeisikia? Yule mzee alikuwa jikoni kwake. Huko nyuma ndoo zilianguka, watu wakalala chini, na mtu akamwita Mungu. Coy alikuwa ameganda na tableti yake kifuani. Nadine akajikaza kisabuni. Akaiacha akili ya mumewe, akazungumza na mikono yake, kwa ile sauti isiyopanda wala kushuka aliyofundishwa na Verlin mwenyewe.

"Kama umemaliza, toa risasi, uonyeshe."

Kidole kikatoka. Mwili ukajizungusha wenyewe kutazama tuta. Magazini ikashuka, chemba ikafunguliwa, risasi ikaruka nyasini.

"Kama ni tupu, shusha nyundo, rudisha alani."

Nyundo ikagonga patupu. Bastola ikaingia kiunoni.

"Uwanja salama," Nadine alisema, akakaa chini kwenye changarawe.

Jolene alikuwa analia kimyakimya. Verlin alitazama shabaha nne ambazo hazikupigwa, akatazama watu waliolala chini, akamtazama mkewe, na akili ikamrudia usoni, bora isingerudi.

"Nimevuka," alisema.

"Umevuka, Verlin."

"Nani alikuwa mbele ya mtutu?"

"Mimi."

Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Nadine. "Ilikuwa ya kwanza?"

Coy alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Nadine alijua akiinua macho ataona nini usoni mwake, kwa hiyo hakuyainua.

"Ya kwanza," alisema.

"Nilijua hutaniangusha." Verlin akampigapiga bega, akafungua mkanda wake mwenyewe na kumkabidhi pamoja na bastola. Kisha akachukua roli la vibandiko. Desturi yao ndiyo hiyo: aliyetolewa haendi nyumbani kununa, anabaki kuziba matundu ya wenzake. Akaenda kwenye shabaha, akaanza kubandika tundu moja moja, kwa uangalifu mkubwa.

Coy alimsogezea Nadine tableti. "Inataka sababu, Bi Nadine. Niandike nini?"

"Lete."

Akaandika mwenyewe, herufi baada ya herufi: Alivuka mstari kituo cha pili. Msimamizi aliona, akanyamaza. Akavuka tena kituo cha tatu. Akatia jina lake, akamrudishia Coy tableti, akamwekea na kipima muda juu yake.

"Watakunyang'anya usimamizi," Coy alisema.

"Wataninyang'anya."

"Hata mimi niliona. Mimi pia nilinyamaza."

"Wewe ulinisubiri mimi. Nenda kwa mkeo, Coy."

Hakuna aliyewaaga. Nadine ndiye aliyeendesha pikapu. Kwa maili mbili Verlin alitazama mashamba yaliyovunwa, mikono mapajani, kisha akageuka.

"Leo nilivuka, sivyo?"

"Ulivuka."

"Ilikuwa ya kwanza?"

Nadine alikuwa amechoka. Akaona mtu aliyeishi naye miaka arobaini na sita anastahili ukweli walau mara moja.

"Hapana, Verlin. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza niliiona kituo cha pili. Ulipitisha mtutu kwa watu wote, na kwa Jolene. Nikanyamaza."

Verlin hakupiga kelele. Alimtazama kwa macho makavu, kama siku ile aliyomtoa Orval.

"Uliniahidi," alisema.

"Nilikuahidi."

"Jolene binti wa Harlan? Yule niliyemshika siku ya ubatizo wake?"

"Huyohuyo."

Akageukia dirisha, akalia. Nadine hakuwahi kumsikia akilia, hata alipomzika mama yake. Alilia kwa sauti ya chini, bila kujificha, mpaka wakapita maghala ya nafaka na kituo cha mafuta, na kwenye kona ya kanisa kilio kikakatika. Verlin akajifuta, akautazama unyevu ule kwenye vidole vyake kana kwamba hajui umetoka wapi.

"Nadine," alisema, "leo uwanjani nilivuka?"

Nadine akakata kona.

"Ulivuka."

"Ilikuwa ya kwanza?"

"Ya kwanza, mpenzi."

"Nilijua hutaniangusha," Verlin alisema, akampigapiga goti. Aliuliza tena darajani, akauliza tena langoni kwao, akauliza mezani wakila supu, na kila mara Nadine alimjibu vilevile, na kila mara Verlin alimshukuru.