Geti la Mbele

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha basi la timu. La pili lilimpata dereva begani, na dereva hakungoja la tatu. Alitia gia akaondoka mlango ukiwa wazi, wachezaji wakilikimbilia na soksi miguuni, wengine wakivutwa ndani kwa mikono na kwa shingo. Hakuna aliyekumbuka kuangalia nani hayumo. Hivyo ndivyo Nasri, kipa wa Nyundo ya Iringa, alivyobaki Mbeya peke yake, ameketi chini ya goli alilofungwa, glavu bado mikononi, timu yake ikiwa imeshashuka daraja.

Na waliorusha mawe hayo hawakuwa watu wa Mbeya. Watu wa Mbeya walikuwa barabarani wanacheza ngoma. Mawe yalikuwa ya Iringa kwa Iringa.

Ambrosi aliyaona yote akiwa ameegemea Fuso lililowaleta mashabiki kutoka Ilula. Kazi yake ni kugonga matenga ya nyanya, na tangu ndevu zake zikiwa nyeusi yeye ndiye mwenyekiti wa tawi la Nyundo pale Ilula. Wenzake wote walikuwa na timu mbili, moja ya nyumbani na moja ya Dar ya kujifariji. Yeye alikuwa na moja, na ilikuwa inafungwa. Goti lake la kulia alivunjiwa hapahapa Mbeya, msimu mmoja wa nyuma, kwa nondo, kwa kosa la kukataa kuvua jezi. Halikuunga vizuri. Akawa anatembea na mkongojo alioutengeneza mwenyewe kwa mbao za tenga, na mechi hakukosa.

Mbele yake umati ulikuwa umelizingira gari jeupe la mkurugenzi wa timu, Edmund. Walilitikisa mpaka likawa linanesa.

"Toka! Toka utuambie!"

"Mshambuliaji wetu yuko wapi? Si ulimuuza Dar wewe?"

"Anayetuuza?" mmoja alianzisha.

"Tumle mbichi!" umati ukajibu.

Ambrosi alisikia raha. Wimbo huo aliutunga yeye, miaka ile mabosi wa zamani walipouza basi la klabu wakasema limeungua. Hakusahau. Vijana wengine hawakuwa wamezaliwa, lakini aliwafundisha waukumbuke kana kwamba walikuwepo. Leo, alijisemea, leo wimbo umempata mwenyewe.

Kioo cha gari kikashuka kidogo, upana wa mdomo.

"Jamani, mnanionea bure," Edmund alisema, jasho limemjaa na baridi yote ile ya Mbeya. "Kamati ilisema watu wote wapite ukutani. Mimi nimetimiza yangu. Sasa muulizeni kipa wenu, yeye alipita wapi?"

Kioo kikapanda.

Mikono ikaliachia gari, mmoja mmoja, likapenya kando ya mtaro likaenda zake. Neno moja tu, na mtu aliyeivunja timu akapona. Wakikaribia kushikwa, hawa mabosi, hutuonyesha mwenzetu, na sisi hugeuza shingo kama ng'ombe walioitwa joshoni.

"Nilimwona!" alipaza sauti Saulo, mwenye bucha Ilula, mtu mwenye mikono kama mapaja. "Wanyalukolo, ndugu zangu wa Iringa, niliona kwa macho yangu! Nikiwa juu ya ukuta nilimwona Nasri anaingia geti la mbele!"

Ambrosi akaacha kuegemea Fuso.

Kamati, kwa asiyeujua mpira wetu, si watu wa kupanga wachezaji. Ni wale wanaosema kitu kimezikwa wapi. Asubuhi hiyo walikuwa wamesema kimezikwa geti la mbele, atakayelikanyaga akiwa wa Nyundo ameibeba timu yake kaburini. Basi wachezaji walivalia ndani ya basi, hawakukigusa chumba cha kubadilishia nguo, wakaparamia ukuta wa nyuma na mashabiki wao. Watu wazima walipandana mabegani. Saulo alikwama juu akapasua suruali, wakamcheka.

Ambrosi alibaki chini.

"Mwenyekiti, kaa kwenye Fuso usikilize redio," walimwambia, na wakatumbukia ng'ambo.

Wa mwisho kupanda ukuta alikuwa Nasri. Kijana wa sokoni Iringa, babu yake alikuja na biashara ya vitenge akaoa hukohuko. Aligeuka kutazama chini, akamwona mzee na mkongojo wake, jezi imefichwa ndani ya koti zito. Akaruka kurudi chini.

"Baba Devota," alimwita kwa jina la bintiye, "umekuja toka Ilula uje kusikiliza redio?"

"Nenda, mwanangu. Wewe una mechi."

"Mechi bila wewe nishawahi kucheza mimi? Shika bega. Mimi nimetia udhu, cha kwenye geti hakinihusu. Na wewe si una rozari yako? Basi kimekosa mtu."

Wakapita getini, wanacheka. Saulo, bado amekwama juu ya ukuta, aliiona jezi ya kipa, njano inayowaka. Koti la mzee halikuonekana kwenye msongamano.

Nyundo ilihitaji sare tu isishuke daraja. Nasri aliokoa mpaka ngozi ya viwiko ikatoka, akapigwa teke la mdomo akatema damu akaendelea. Mwishoni kabisa likaja shuti la kitoto, mpira ukagonga kisiki cha nyasi, ukampita chini ya kifua.

Na sasa mashabiki walikuwa wanamleta kwenye Fuso.

Walimtoa uwanjani wamemshika miguu, kichwa kikigonga changarawe. Polisi walikuwa upande wa pili, wanawarushia mabomu ya machozi waliokuwa wanasherehekea. Saulo alimkanyaga vidole vya mkono wa kulia, taratibu, glavu ikiwa ndani yake. Nasri alilia sauti ambayo Ambrosi alikuwa ameisikia mara moja tu maishani, ikitoka kooni mwake mwenyewe siku ya nondo.

"Umelipwa na nani?"

"Sijalipwa! Wallahi sijalipwa!"

"Ulipitaje getini?"

Nasri aliinua uso. Jicho moja lilikuwa limeshafunga. Lile lililobaki lilizunguka kwenye duara la watu, likamfikia Ambrosi, likatulia. Likashuka chini.

"Nilipita tu," alisema.

Buti likamwingia mbavuni. Kule kwa fundi wa pancha mtu alikuwa anabiringisha tairi kuukuu. Mwingine alikuwa ameinama chini ya Fuso na kopo, anakinga mafuta.

"Anayetuuza?"

"Tumle mbichi!"

Wimbo wake. Kila shingo iliyotoa sauti hiyo aliijua, aliyoisimamia ubatizo na aliyoiazima msumari. Ambrosi alitaka kujiambia kwamba watamwonya tu halafu wataacha. Lakini alikuwa ameishi na watu muda mrefu mno. Akaona pia, wazi kabisa, njia ya kwenda nyumbani: kupanda Fuso, kufumba macho, na kubaki mwenyekiti.

Alijipenyeza kwa mkongojo, akiwapiga nao kwenye visigino.

"Mwacheni! Mimi ndiye niliyepita getini!"

Wakacheka baadhi.

"Mwenyekiti ana huruma ya kizee."

"Toka hapo, Baba Devota, mafuta yatakurukia."

"Nasema mimi! Kijana alikuwa ameshafika juu ya ukuta. Alishuka kwa ajili yangu. Mnamchoma mtu kwa ajili ya mguu wangu!"

"Anamtetea," alisema Saulo. "Mzee wetu, tunakuheshimu, lakini usituchezee. Wewe ulikuwa kwenye Fuso."

Ambrosi akafungua koti. Jezi ya Nyundo ikaonekana, nyekundu iliyofifia. Akasogea akasimama kifua kwa kifua na yule bwana wa bucha.

"Saulo. Tulipopata kona ya kwanza, nani alipiga kelele nyuma yako kwamba suruali yako imepasuka tunaona mpaka Kilolo?"

Saulo alishika mpasuko wa suruali.

"Ni wewe," alisema.

"Ndani ya uwanja?"

"Ndani."

"Haya. Tazama goti hili. Uniambie niliruka ukuta gani."

Kimya kilichokuja hakikuwa cha aibu. Ambrosi alikuwa ameongoza mikutano mingi, alikijua kila kimya. Hiki kilikuwa cha watu wanaohamisha mzigo.

"Kwa hiyo ni wewe," Saulo alisema polepole, kama anayefikiri. "Umetuongoza miaka yote hii. Halafu ni wewe."

"Ni goli, pumbavu! Ni mpira umegonga kisiki! Ni Edmund kauza miguu ya timu, na nyie mmemwachia gari likaenda zake!"

Kibao cha kwanza kiliuangusha mkongojo. Ngumi iliyofuata ilimtoa meno. Alipoanguka aliwaona wakimwacha Nasri, akapata pumzi ya kusema neno moja tu, "Kimbia," na Nasri akakimbia, mkono umemning'inia, akiwaelekea polisi. Alifanya vizuri kukimbia. Atakayesema vinginevyo hajawahi kuliona tairi.

Mkongojo wake waliuvunjia mgongoni mwake. Goti la kushoto, lile zima, lilipigwa na jiwe mara nyingi, na aliyepiga alikuwa anahema na kulia. Yeye hakuomba. Alikuwa anawataja majina. Kila buti lililofika alilitaja la nani: wewe Fred, wewe Eliezeri, wewe Saulo wa bucha. Pengine hicho ndicho kilichomwokoa. Tairi lilifika, likasimama, na hakukupatikana mkono wa kulivalisha kwa mtu anayekuita jina. Kisha moshi wa polisi ukaingia, wakatawanyika. Fuso likaondoka Mbeya bila yeye.

Bintiye Devota alikuja kumchukua hospitali. Alimkuta amefungwa plasta miguu yote, anataka kujua timu itaanza lini mazoezi.

"Timu gani, baba? Timu iliyokuua?"

"Timu haikunipiga. Walionipiga nitaonana nao."

Edmund alijiuzulu kwa heshima, akapewa kiti kwenye klabu nyingine. Liandikwe hilo mahali.

Msimu ulipoanza, Nyundo ilicheza daraja la chini, mechi ya kwanza Kilolo. Uwanja wa Kilolo hauna ukuta wala geti. Ni kamba ya katani, mahindi ya watu, na ubao mmoja wa kukalia. Devota alimsukuma baba yake kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye ubao. Golini alikuwa Nasri, vidole viwili vya mkono wa kulia vimekakamaa havikunji tena. Alimwona mzee, akainua ule mkono mbovu juu.

Kabla ya mapumziko walikuwa wameshafungwa mara mbili.

Hapo ndipo ubao ulipolia kwa uzito. Saulo alikuwa amekaa ukingoni kabisa. Alivaa jezi ya timu ya Dar, mpya, na juu yake alikuwa ameivuta kwa nguvu jezi ya zamani ya Nyundo, imembana tumbo.

"Kamwene, Baba Devota," alisalimia, macho chini.

Ambrosi alimnyooshea Devota mkono, Devota akampa mkongojo mpya, wa mti mgumu. Alimpiga nao Saulo usoni kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Pua ikavunjika kwa mlio uliosikika mpaka kwenye kamba. Saulo alishika ubao kwa mikono yote miwili, mikono kama mapaja, wala haikuinuka. Damu ikamchuruzika kwenye jezi zote mbili.

Ambrosi aliinua mkongojo tena. Uwanjani mshambuliaji wa Kilolo alikuwa ameshapenya, anabaki na Nasri peke yake. Mkongojo ukabaki hewani. Shuti likapigwa. Nasri akaenda na mkono wa kushoto, akautoa mpira nje.

"Kipa!" walipiga kelele wote wawili.

Saulo alitema damu pembeni.

"Tumefungwa ngapi?"

"Mbili."

"Basi sijakosa kitu."

"Vua hiyo ya ndani," alisema Ambrosi. "Ukishaivua, sogea huku, unanizibia kona."

Saulo akavua zote mbili, akabaki kifua wazi kwenye baridi ya Kilolo, akaivaa tena ile ya Nyundo, na damu yake. Akasogea. Nyundo ikafungwa la tatu.